Msomaji Aliyenisahihisha

Mamangu alifariki mwaka 1994, na baada ya arubaini yake nikatunga shairi la beti saba. Halikuwa shairi kubwa. Lilikuwa tarbia ya kawaida, mizani 16 kila mshororo, nane huku na nane huku, na kibwagizo chake kilikuwa hiki: "Jikoni hapana moshi, mwenye nyumba kaondoka." Nikaliandika katika karatasi ya mistari, nikalinakili tena kwa mkono uliotulia zaidi, nikalitia katika bahasha na kulipeleka Posta. Wiki tisa zikapita. Jumamosi moja nikanunua gazeti, na hilo hapo, limebanwa baina ya shairi la mtu wa Taveta aliyekuwa akitega kitendawili na la mtu wa Tanga aliyekuwa akimjibu mwenziwe. Chini yake pametiwa jina langu, Sanduku la Posta, na Mombasa.

Wasomaji wa umri wangu hawana haja ya kuelezwa furaha ya siku kama ile. Vijana yafaa waelezwe. Zama zile baina ya mtunzi na msomaji alisimama mtu mmoja, mhariri wa mashairi, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Mimi mwenyewe aliwahi kunirudishia kazi yangu na maneno mafupi kwa wino mwekundu: "Bwana, ubeti wa tatu una mizani 15. Hesabu tena." Nilihesabu tena. Alikuwa amesema kweli. Sikupata kumwona mhariri yule kwa macho mpaka alipostaafu, lakini nusu ya niyajuayo katika utunzi nilifunzwa na kalamu yake, na nusu nyingine nilifunzwa chuoni na mwalimu aliyetusomesha Qurani, ambaye hakuvumilia herufi ivutwe mahali isipovutwa.

Ama kuhusu msomaji, huyo hatukumjua kabisa. Shairi langu la mama lilipotoka nilipata barua tatu. Moja ilikuwa ya rambirambi, moja ya kijana aliyetaka rafiki wa kalamu, na ya tatu ya mtu aliyekuwa akiuza vitabu vya tiba. Basi. Mshairi wa gazeti alikuwa kama mwadhini wa alfajiri: huisikia sauti yake mwenyewe ikienda gizani, asijue ni nani aliyeamka na ni nani aliyegeuka ubavu wa pili.

Sasa niruke miaka 26.

Mwezi wa Mei mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa, mtu asiingie wala asitoke. Ilikuwa Ramadhani. Misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali majumbani, vitafunio vya kufuturia vyasimuliwa kuliko kuliwa. Kazi pekee tuliyobaki nayo ni simu. Usiku mmoja, baada ya daku, mpwa wangu aliyeko Maskati akaniletea ujumbe kwa WhatsApp. "Mjomba," aliandika, "hili limeniliza, nikakukumbuka wewe na bibi." Nikafungua. Lilikuwa shairi langu, beti zote saba, halina jina la mtu. Juu yake ilikuwako ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba maneno yamepita mikono mingi. Na mikono ile ilikuwa imejitaabisha, maana mwezi wa Aprili mwaka ule ule kampuni yenyewe ilikuwa imeweka kizuizi, ujumbe wa namna hiyo usipelekwe ila kwa mtu mmoja au kikundi kimoja kwa wakati mmoja.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba jina langu halipo. Cha pili nilikiona baadaye kidogo, nami nilikiona kwa sikio, si kwa jicho. Kibwagizo kilikuwa kimebadilishwa. Mimi nilisema, "Jikoni hapana moshi, mwenye nyumba kaondoka." Lile la simuni lilisema, "Jikoni hapana moshi, mwenye moto kaondoka."

Neno moja. "Nyumba" limetolewa, "moto" limetiwa. Mizani ni ile ile nane, kina ni kile kile. Na mimi, mtunzi, niliyeketi na shairi lile siku 40 baada ya kumzika mamangu, nikajua papo hapo kwamba aliyeligusa alikuwa amelifanya jema kuliko lilivyokuwa. Moshi na moto! Vilikuwa mbele yangu, nami sikuviona.

Lakini ujuzi huo sikuukiri usiku ule. Nilichokifanya ni kughadhibika.

Sisi tuliosoma chuo tumelelewa katika heshima ya isnadi. Mwalimu wetu hakusema "imesemwa". Alisema fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwisho wa mnyororo. Hadithi isiyo na mnyororo aliiweka kando hata ikiwa tamu vipi. Watunzi wetu wa tenzi nao walifuata adabu hiyo: utenzi ukifika tamati, mwenyewe hujitaja, mara nyingi na mwaka akautaja. Simu haina isnadi. Inakwambia kwamba maneno yamepita mikono mingi, haikwambii hata mkono mmoja. Nikaona hii ndiyo hasara yenyewe tuliyokuwa tukiiogopa, kwamba chombo hiki kitatugeuza sote kuwa mayatima wa maneno yetu wenyewe.

Nina ukurasa wangu katika Facebook, nilifunguliwa na mwanangu mwaka 2011, na wakati ule nilikuwa na marafiki elfu mbili na kitu ambao wengi wao sijapata kuwaona. Nikaandika pale maneno makali. Nikasema shairi hili ni langu, lilitoka gazetini mwaka 1994, na kwamba aliyeling'oa jina na kulichezea kibwagizo ni mwizi. Na mwizi wa shairi la maiti, nikasema, ni mwizi wa sanda. Msemo ule wa sanda uliwapendeza watu sana. Hata kabla ya adhuhuri walikuwa wamenijibu zaidi ya 100. Wengine walimlaani mwizi. Wengine walitaja watu wanaowashuku, kwa majina. Mwalimu mmoja alileta nakala ya mtihani wa majaribio ambamo shairi lilikuwa limetiwa kama swali la ushairi, na wanafunzi wameulizwa waeleze toni ya mshairi, na juu pameandikwa "mtunzi hajulikani". Nikazidi kuwaka.

Siku ya pili, karibu na magharibi, pakaja ujumbe katika kisanduku cha siri. Nitaunakili kwa ufupi, mwenyewe ameniruhusu maadamu simtaji.

"Assalamu alaykum Ami. Mimi ndiye niliyelipeleka. Sikuliiba. Baba alikuwa fundi cherehani Malindi, amefariki mwezi uliopita, na njia zimefungwa, ndugu zetu wa Mombasa hawakuweza kuja kuzika. Nikalitoa shairi katika daftari lake nikawapelekea ili walie pamoja nasi. Sikujua mwenyewe ni nani. Nisamehe."

Na chini yake palikuwa na picha mbili. Ya kwanza ni kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai. Mafundi cherehani wa zamani mnawajua: magazeti yaliyokwisha kusomwa walikatia vielelezo vya nguo, mkono wa kanzu, mabega, ukosi. Kipande kile kilikuwa kimekatwa kwa mkasi kwa umbo la kwapa, na mkasi ulipopinda ulipita juu kidogo ya mahali palipokuwa na jina langu. Picha ya pili ilikuwa ukurasa wa daftari. Shairi lote limenakiliwa kwa hati nzuri, na katika kibwagizo cha kwanza neno "nyumba" limepigwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake, kwa penseli, "moto". Kutoka ubeti wa pili hakupiga mstari tena. Aliandika "moto" moja kwa moja, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Ramadhani ile nilikuwa nimefunga kula na kunywa, na ulimi nimeuacha ukila mchana kutwa. Nilimwita mwizi wa sanda mtoto aliyekuwa hajatoka matangani. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akalia, nami nikalia, mke wangu akaja mlangoni kuuliza ni nani kafa. Kisha nikaufuta ule waraka wangu wa Facebook. Nao, kama mjuavyo, haukufutika. Watu walikuwa wameshaupiga picha.

Nimelieleza jambo hili kirefu kwa sababu kila mara watu wazungumzapo juu ya mitandao ya kijamii na waandishi husikia mambo mawili tu. Wazee wenzangu husema imeharibu lugha. Vijana husema imefungua milango. Mimi nilipata kujua jambo la tatu, kwamba nilikuwa na msomaji. Kwa miaka 26 mtu mmoja, mwendo wa kilomita 120 kutoka kwangu, alikuwa na shairi langu ndani ya nyumba yake, amelisoma vizuri kuliko mhariri, vizuri kuliko mimi, na wala halikumjia wazo la kuniandikia barua. Angeniandikia vipi? Anwani yangu aliikata kwa mkasi wake mwenyewe.

Wala kubadilishwa si jambo geni pwani hii. Muyaka bin Haji, bingwa wa Mvita, alifariki karibu na mwaka 1840 bila ya kuona hata shairi lake moja limepigwa chapa. Alipotupiana maneno na washairi wa Amu, siku za uhasama wa miji hii miwili, mashairi yalikwenda yakirudi kwa vyombo vya baharini, yakasomwa mbele ya watu, yakahifadhiwa vifuani. Yalikuja kukusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor, na kitabu kikatolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940. Kati ya kinywa cha Muyaka na kile kitabu pana miaka 100. Ni maneno mangapi ya mafundi cherehani yamo mle ndani, nasi twayasoma darasani na kumsifu Muyaka?

Magazeti ndiyo yaliyokuja kufunga fundo. Mambo Leo la Dar es Salaam lilipoanza mwaka 1923, na mengine yalipofuata huku kwetu, shairi lilipata jina, tarehe na mwenyewe. Lakini hata hapo majibizano hayakukoma, yalipewa nafasi tu. Mtu alitunga, wa pili alijibu, wa tatu akaja kusuluhisha, na msomaji akafuata vita vile wiki kwa wiki. Kwa hiyo anayedhani kwamba Facebook ndiyo iliyoleta msomaji anayejibu, huyo hajapata kuona kurasa za mashairi za Kiswahili. Kilichobadilika ni mwendo.

Na mwendo si jambo dogo. Nilikuwa na ndugu yangu mmoja wa Amu, mshairi hodari, tuliyelumbana naye gazetini miaka 18. Yeye akisema bahari, mimi nasema bara. Mimi nikisema subira, yeye anasema haraka. Tukitukanana kwa mafumbo mpaka watu wanadhani tutakatana mapanga. Na hatukuwa tumepata kuonana. Jibu lake lilinifikia baada ya wiki tatu au nne, na katika wiki hizo hasira ilikwisha kuchuja ikabaki hamu ya kutunga. Mhariri naye alikuwa katikati. Neno lililozidi alilipunguza, wala hakutwambia.

Mwaka 2016 tukatiwa sote katika kikundi kimoja cha WhatsApp cha washairi. Wakati ule kikundi kilichukua watu 256. Leo huchukua 1,024, na mimi nasema 256 walikuwa wengi tayari. Miezi ya kwanza ilikuwa harusi. Asubuhi huamka ukakuta beti 30, za Zanzibar, za Bungoma, za Mwanza, za wanafunzi walioko Ujerumani. Kijana anatupa ubeti wenye kasoro, wazee watatu wanamwonyesha, na kabla ya chai ameutengeneza. Masomo niliyoyapata mimi kwa miaka kumi na wino mwekundu, yeye aliyapata kwa mwezi. Hilo sitalikana.

Kisha usiku mmoja ndugu yangu wa Amu akatoa shairi, nami saa nane za usiku nikalijibu. Nililitunga kwa dakika 20, kwa kidole gumba, na watu wakishangilia kwa vile vikatuni vya moto na makofi. Katika ubeti wa nne niligusa jambo la ukoo wake. Sikulikusudia vile lilivyosomeka; simu nayo ilikuwa imegeuza neno langu moja ikalifanya jingine. Lakini nani atasubiri maelezo? Akajibu kwa sauti, si kwa shairi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia. Wapo waliotutenganisha na wapo waliotuchochea, na hawa wa pili walikuwa wengi. Alfajiri nikaona yale maneno madogo ya kijivu yanayoonyesha kwamba fulani amejitoa.

Miaka 18 ya gazeti haikutugombanisha. Usiku mmoja ulitosha. Nilikaa miezi mitano nikitunga ujumbe wa kuomba radhi na kuufuta, mwisho nikapanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa mashua nikamwendea nyumbani kwake. Ndiyo mara ya kwanza kuonana. Ni mtu mfupi. Mimi kwa ukali wa mashairi yake nilimdhani pande la mtu. Tulikunywa kahawa, tukazungumza juu ya embe na bei ya samaki, na la simu halikutajwa hata kidogo. Tangu siku ile sisi ni ndugu. Kikundini hakurudi, wala mimi sikumwambia arudi.

Hebu tuje kwa wachapishaji, maana hao nao wamebadilika, na wanapozungumzwa husemwa kwa woga.

Nyumba moja ya uchapishaji, ambayo siitaji, ilikaa na mswada wa diwani yangu tangu 2006 hata 2015. Nikipiga simu naambiwa unasomwa. Mwisho ulirudishwa kwangu bila barua, ndani ya bahasha ile ile yangu, umefungwa na uzi ule ule niliouf funga mimi. Sikuwaonea ajabu. Mchapishaji wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule, na diwani isiyotahiniwa haina mnunuzi wa hakika. Karatasi ni ghali, na tangu 2013 vitabu navyo vimetozwa ushuru wa asilimia 16. Lakini adabu ya barua haitozwi ushuru.

Wenye damu changa hawakungoja bahasha. Marehemu Binyavanga Wainaina alipopata Tuzo ya Caine mwaka 2002, kazi iliyomshindia ilikuwa imetoka katika jarida la mtandaoni, si kitabuni. Mwaka uliofuata yeye na wenziwe wakaanzisha Kwani? mjini Nairobi. Baadaye wakaja vijana wa Jalada, ambao mwezi wa Machi 2016 waliitoa ngano ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoitunga kwa Kigikuyu, ikiwa imefasiriwa katika lugha zaidi ya 30, wafasiri wakiwa wametawanyika Afrika nzima. Hapana nyumba ya uchapishaji hapa kwetu ambayo ingethubutu kazi hiyo kwa njia za zamani. Na sisi wa Kiswahili tulipata tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata mswada usiochapishwa. Mtunzi asiyejulikana na mchapishaji yeyote ana mahali pa kupeleka kazi yake, na huipeleka kwa barua pepe.

Wengine wamejigeuza wachapishaji. Namjua mwalimu mmoja wa Kwale ambaye huchapisha riwaya zake mwenyewe. Huomba namba ya ISBN, humlipa mpiga chapa wa Nairobi, hutangaza kwa Facebook, hupokea fedha kwa M-Pesa, na kitabu hukipeleka kwa basi kama mtu anayepeleka kifurushi cha mahamri kwa shangazi yake. Kila mnunuzi anamjua kwa jina. Lakini mwalimu huyu huyu amepata kuona riwaya yake nzima, ukurasa kwa ukurasa, imepigwa picha ikawa PDF na kugawanywa bure katika kikundi cha walimu wenziwe, na mmoja wao akamwandikia kumpongeza! Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni sheria njema. Ila msomaji aliyezoea kukupata bure kila asubuhi simuni, siku ukimwambia alipe hukuona umebadilika tabia.

Mimi, mlango wangu ulifunguka mwaka 2022. Mhariri kijana wa nyumba nyingine alinipata kwa Facebook. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nimelisoma lile shairi la mama. Una mengine?" Nikamwambia yapo 140. Akafurahi, kisha akaniuliza swali ambalo mhariri wa wino mwekundu hangalilijua maana yake. "Na wafuasi wako ni wangapi?"

Kwa sisi, wafuasi ni neno zito. Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia marafiki wamefika elfu nne, lakini wafuasi sina habari nao.

Simcheki. Alikuwa msichana mwema na mwenye sikio. Alitaka kujua kama vitabu 500 vitapata watu, na hiyo ni haki yake. Taabu ilikuja alipoleta orodha ya mashairi ya kuondolewa. Alikuwa ameyapima kwa idadi ya watu walioyapenda nilipoyatoa ukurasani mwangu. Matatu ya Kimvita cha ndani yalikuwa yamependwa na watu kumi, 12 na tisa. Na lililopendwa kuliko yote, na watu 800, lilikuwa la mzaha juu ya mke wangu na chapati, ambalo nililitunga nikingoja feri ya Likoni. Nilimwambia, "Mwanangu, hao watu tisa nawajua. Mmoja ni yule shehe wa Amu." Tukashindana wiki mbili. La chapati likaingia. Ya Kimvita yakaingia mawili, na moja nililiacha kwa hiari yangu, maana nilipolisoma tena niliona kwamba wale tisa walikuwa wamenihurumia.

Kisha ukaja mkataba, na ndani yake kifungu kinachomtaka mwandishi akiri kwamba kazi yote, neno kwa neno, ni yake mwenyewe. Sikuweza kutia sahihi. Mhariri akashangaa. "Mwalimu, ni neno moja tu. Nani atakudai neno moja?" Akanishauri nilirudishe "nyumba" langu, mambo yaishe. Nikamwambia kwamba watu wote wanalijua shairi kwa "moto", na mimi mwenyewe nikilisoma kimoyomoyo ulimi hauendi tena kwa "nyumba". Nililiwaza sana jambo lile. Mhariri wa zamani alinisahihisha mara ngapi, nami nikatia jina langu chini bila kumtaja? Lakini yeye alilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Nikampigia simu binti wa fundi. Akasema atawauliza nduguze. Baada ya siku tatu akanirudia: baba hakupenda kutajwa, hata kanzu alizoshona hakutia alama yake, ila mama angependa litajwe lile duka. Basi mkataba ukaongezwa mstari mmoja, na chini ya shairi, katika ukurasa wa 31, pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba neno "moto" katika kibwagizo limetokana na fundi cherehani wa Malindi, marehemu.

Kitabu kilitoka 2023. Nikachukua nakala tano nikaenda nazo. Duka sasa linauza vifaa vya simu, cherehani imewekwa nyumbani ukumbini na kufunikwa kitambaa. Binti alifungua ukurasa wa 31 akamsomea mamaye, ambaye macho yake yamefifia. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia dua, kisha akasema, "Mlete lile daftari, naye aone mwenyewe."

Nilidhani ni shairi langu moja. Lilikuwa daftari la kurasa 200, limejaa. Wamo washairi wa Lamu, wa Tanga, wa Pemba, wengine mabingwa ambao tukiwataja tunainama, na karibu kila ukurasa una ule mstari mwembamba wa penseli. Mashairi yangu mengine yalikuwa 11. Tuliletewa chai, nikatoa miwani. Nilikaa nalo mpaka magharibi, nikipiga mizani kwa vidole juu ya goti. Masahihisho yake mengine niliyakubali, mengine nikayakataa, na mawili bado nayafikiria.